Kihara na Watu wa Zohali

Ukikutana na Kihara Wamae barabarani hapa Naro Moru, huwezi kumtazama mara mbili. Ni mtu mfupi, mwembamba, na akikusalimia anasalimia kwa sauti ndogo kama mtu aliyechelewa kanisani anayetafuta mahali pa kukaa. Lakini Jumapili alasiri, ndani ya ukumbi wa mabati wa Mwangangi, nimemsikia mtu huyohuyo akiwa mwanamke mzee, halafu askari mlevi, halafu mlango wa chuma unaofunguka polepole, vyote kwa pumzi moja. Mimi ni mpagazi. Nimewabebea wageni mizigo mlimani tangu ujana wangu, na nimeona mawingu yakilala chini ya miguu yangu. Hata hivyo, nikiulizwa ni kitu gani kimewahi kuninyamazisha kabisa, jina linalokuja kwanza ni la Kihara.

Kazi yake ni ile tunayoiita udijei wa sinema. Filamu inaonyeshwa kwa lugha yake ya huko ilikotoka, naye anakaa kwenye stuli kando ya ukuta, maikrofoni mkononi, anatueleza kwa Kiswahili watu wale wanasema nini na wanaenda wapi.

Kazi hiyo aliianza utotoni, Gakindu, katikati ya mashamba ya kahawa. Wazazi wake walikuwa wakifanya kazi mbali, akalelewa na nyanya yake, Cucu Wangechi. Siku moja cucu akaletewa televisheni. Hakujua Kiingereza hata kidogo, kwa hiyo kila jioni Kihara aliketi karibu na magoti yake akimtafsiria.

"Hata mimi sikuwa naelewa nusu," Kihara aliniambia. "Lakini cucu alikuwa anauliza, 'Sasa huyo analia nini?' Na huwezi kuambia cucu yako ati hujui. Ilikuwa lazima niangalie huyo mtu mpaka nijue."

Alipomaliza shule aliajiriwa duka moja Kiganjo, akiwauzia makurutu wa polisi sabuni na rangi ya viatu. Wateja walizoea kukawia pale kwa sababu alikuwa akisimulia filamu huku akifunga vitu kwenye gazeti. Mmoja wao alikuwa Mwangangi, Mkamba wa Kitui aliyekuwa karibu kustaafu upolisi. Mwangangi alikuwa na ndoto ya kufungua ukumbi wa sinema Naro Moru, na watu walikuwa wakimcheka, kwa sababu siku hizi kila mtu ana sinema ndani ya simu yake. Aliposikia Kihara akisimulia, aliacha kujali vicheko. Alijenga ukumbi nyuma ya kinu cha unga, akanunua projekta na spika mbili kubwa, akamchukua Kihara. Na kweli watu tulikuja. Simu tulikuwa nazo mifukoni, lakini simu haina Kihara.

Kwa muda mrefu zilikuwa filamu za ngumi na za majambazi. Halafu ikaja moja ya angani. Ilikuwa na jina refu ambalo sisi hatukulishika. Kihara aliiita Zohali tu, na ndivyo sote tukaiita.

Dunia imeishiwa maji. Chombo kimoja kinaondoka na watu wachache, kinaelekea kwenye sayari ya Zohali, safari ya miaka na miaka. Kinaongozwa na Kapteni, mwanamke wa makamo aliyemwacha mtoto nyumbani na ambaye anaanza kuusahau uso wake. Yuko Fundi, ambaye kazi yake ni kutoka nje ya chombo na kurekebisha kilichoharibika, na mtu huyo anaogopa giza. Na yuko mama mmoja anayepanda maharagwe ndani ya mikebe kwenye dirisha. Kihara alimpa jina la Mama Maharagwe.

Katikati ya safari kamba ya Fundi inakatika. Anaelea, anakuwa nukta. Kapteni akigeuza chombo kumfuata, mafuta hayatatosha kurudi nyumbani tena, maisha yake yote. Nakumbuka uso wake ulivyojaa kwenye pazia jeupe alilotundika Mwangangi ukutani. Kihara akasema kwa sauti ya Kapteni, chini kabisa, "Mtoto wangu, nisamehe. Kuna mtu yuko gizani na mimi ndiye ninayemwona." Na chombo kikageuka.

Walipofika kwenye pete za Zohali, pazia lote likawa barafu, vipande vikubwa kama nyumba na vidogo kama changarawe, vinazunguka bila kelele. Mimi barafu naijua. Nimeishika kule juu, nimeona inavyopungua mwaka hadi mwaka. Sikuwahi kufikiri kwamba ingeweza kuwa nyingi hivyo mahali popote. Kihara alisimama kutoka kwenye stuli. Kisha akasema, "Tazameni. Hakuna mtu aliyewahi kufika hapa. Na hawa wamefika wakiwa na maharagwe."

Mwanamume aliyekuwa mbele yangu alivua kofia.

Baada ya hapo watu wa Zohali walihamia Naro Moru. Mama Wakiuru, anayeuza kabichi sokoni, aligombana na mzee wa kanisa mchana mzima kama Kapteni alifanya vyema au vibaya kumtupa mtoto kwa ajili ya mwanamume asiye wake. Mama mmoja jirani yangu alipanda maharagwe kwenye mkebe wa maziwa, na ana shamba. Mlimani, mpagazi mwenzetu alipoishiwa betri ya tochi na kuanza kutetemeka, tulimwambia, "Hata Fundi aliogopa," naye akapata nguvu ya kuendelea. Tulijua wangerudi. Filamu ilikuwa imeishia mahali ambapo lazima iendelee.

Tulingoja miaka. Hatimaye Mwangangi akaandika kwa chaki kwenye ubao wa nje: ZOHALI SEHEMU YA PILI. Jumapili hiyo watu walitoka Kiganjo, walitoka Nanyuki, wengine bado na Biblia mikononi. Waliokosa nafasi walisimama nje, masikio kwenye mabati.

Sijui niielezeje. Ilikuwa kubwa kuliko ya kwanza. Vyombo vilikuwa vingi kama siafu, moto kila mahali, pete za Zohali zikipasuka vipande. Macho yalipata kazi. Lakini wale watu! Kapteni alikuwa na bunduki na kila alichosema alikisema kwa kupiga kelele. Fundi alikuwa mchekeshaji, anaruka nje gizani kama mtu anayeingia bafuni. Mama Maharagwe alitekwa nyara mwanzoni kabisa, na tangu hapo kazi yake ilikuwa kulia ndani ya kizimba. Waliongezwa vijana wa mavazi ya kung'aa ambao hatukuweza kuwatofautisha. Kihara alikimbizana nao, "Piga! Rudi nyuma! Wanakuja!", mpaka sauti ikamkauka. Ilipoisha, watu waliinuka kama watu wanaotoka kumtazama mgonjwa ambaye hakuwatambua.

Mama Wakiuru hakutoka. Alisimama mbele ya stuli ya Kihara, mikono kiunoni.

"Kihara, umefanyia nini watu wetu?"

"Si mimi, mama. Wako hivyo. Waliotengeneza sinema ndio waliwafanya hivyo."

"Hao mimi siwajui. Mimi nilijua Kapteni kwa mdomo yako. Kama amekuwa mjinga, ni wewe umemfanya mjinga."

Tulidhani Kihara angecheka. Badala yake uso wake ulibadilika, kama mtu aliyeonyeshwa mlango nyumbani kwake ambao hajawahi kuuona. Aliweka maikrofoni chini taratibu, akaondoka.

Wiki hiyo alimwendea Mwalimu Apondi. Apondi ni mtu wa Siaya, anafundisha Kiingereza shule moja hapa kwetu, na alikuwa ameipenda Zohali kama sisi, akiisikia kwa mdomo wa Kihara tu, maana maikrofoni humeza maneno ya filamu. Kihara alimwomba waiangalie upya ile ya kwanza, kwa sauti yake yenyewe, bila tafsiri. Shule zilikuwa zimefungwa. Walikaa ukumbini asubuhi, wao wawili, nami nilikuwapo kwa sababu msimu wa wageni ulikuwa haujaanza na nilikuwa nikimsaidia Mwangangi kufagia.

Filamu ilikwenda kidogo, Apondi akaanza kugeuka kumtazama Kihara. Akageuka tena. Ilipofika pale kamba ya Fundi inapokatika, alisema, "Simamisha hapo."

Mwangangi akasimamisha. Uso wa Kapteni ukabaki ukutani.

"Kihara, ile maneno ya mtoto, 'nisamehe, kuna mtu yuko gizani,' ulitoa wapi?"

"Si anasema?"

"Hasemi. Hakuna mahali anasema. Amesema tu, 'Geuza chombo.' Maneno mawili."

"Lakini mwalimu, uso wake..."

"Uso unasema. Mdomo hausemi. Na Mama Maharagwe, unajua ameongea mara ngapi tangu tuanze? Hajaongea hata mara moja."

Kihara alishika kichwa. Miaka hiyo yote alidhani anatafsiri. Yale yote tuliyoyabishania sokoni, yale tuliyojifariji nayo mlimani, alikuwa ameyatoa ndani yake mwenyewe bila kujua, akiwatazama tu watu wale mpaka wakamwambia. Hata Mwangangi, ambaye hashangazwi na kitu, alikaa chini kwenye benchi na ufagio wangu mkononi.

Kisha wakaweka sehemu ya pili. Apondi alitazama robo tu.

"Unaona shida?" akasema. "Hapa hakuna mahali pa kuingia. Hakuna mtu anatulia. Hakuna anayechoka, hakuna anayesitasita. Kila mtu anajua atafanya nini kabla hajaulizwa. Ile ya kwanza walikuachia nafasi. Hawa wamejaza yote na kelele."

Kihara aliitazama ile sura ya Kapteni na bunduki yake. "Wako ndani," akasema. "Ni watu walewale. Hawawezi kuwa wamekufa."

Siku zilizofuata alituzungukia na maswali. Mimi alinikuta nikifua nguo kwenye karai. "Murugi, mtu akichoka kabisa huko juu, akikaribia kuanguka, anaongea nini?"

Nilifikiri. "Hasemi amechoka," nikamwambia. "Anaongea vitu vya nyumbani. Anauliza kama alifunga mlango. Anauliza kama kuku wamelishwa."

"Na barafu? Iko na sauti?"

"Iko. Inalia kidogo, kama kitanda cha zamani. Lakini lazima unyamaze ndio uisikie."

Alinishukuru akaenda zake. Baadaye nikasikia amekwenda kwa Mama Wakiuru pia, na kwamba aliondoka pale na kabichi na macho mekundu. Walichoongea hawajawahi kumwambia mtu.

Jumapili iliyofuata Mwangangi aliandika tena ubaoni: ZOHALI SEHEMU YA PILI, KIHARA ANARUDIA. Ukumbi haukujaa hata nusu. Waliokuja walikuja kwa heshima tu. Mama Wakiuru alikaa mbele kabisa, kitambaa kichwani, mikono imekunjwa. Apondi alikuwa kando yangu.

"Leo nitazima sauti ya sinema," Kihara akasema. "Mtanisikia mimi peke yangu. Nikikosea ni mimi nimekosea."

Mlipuko wa kwanza ukatokea ukutani, kimya. Moto unaofunguka kama ua. Vyombo vikipita kama samaki ndani ya maji masafi. Sikuwa nimejua, siku ile ya kelele, kwamba mambo yale ni mazuri hivyo. Kapteni akaonekana, mdomo wazi, akipiga kelele na bunduki yake.

"Kapteni amezeeka," Kihara akasema. "Masikio yameanza kumwacha. Anapiga kelele kwa sababu hajisikii, na hataki watu wake wajue."

Mtu alicheka nyuma, kisha akaacha. Kwa sababu mara tu baada ya Kihara kusema hivyo, tuliliona. Kila Kapteni alipogeuza kichwa alikuwa akigeuza sikio.

Fundi akaja na mizaha yake, meno yote nje. "Huyu tangu siku ile kamba ilikatika hajawahi kuacha kucheka," Kihara akasema. "Akiacha, anasikia giza." Na nawaambia kweli, kicheko kile kile ambacho wiki iliyopita kilituudhi kilinifanya nitamani kuingia mle ndani nimshike mkono.

Wale vijana wa mavazi ya kung'aa walimshinda. Alijaribu, akainua mikono. "Hawa mimi siwajui. Waacheni tu wapite." Ukumbi wote ukacheka, naye akacheka, na hilo lilitusaidia.

Lakini nilikuwa nikimwogopea Mama Maharagwe. Ndani ya kizimba alikuwa hana kitu ila kilio, filamu haikumpa kingine. Alipotokea, Kihara alishusha pumzi. "Mnadhani anaomba msaada," akasema. "Sikilizeni vizuri. Anaita majina. Ni ya wale walibaki duniani. Anayaita yote kila siku, ndiyo yasipotee." Akaanza kuyataja, moja moja, kila mdomo wa yule mama ulipofunguka ukutani. Yalikuwa majina ya kwetu. Wamae. Wangechi. Mengine niliyajua ni ya watu wa Mama Wakiuru waliokwisha kufa. Mama Wakiuru alikunjua mikono yake.

Vita vilikuwa vimefika kileleni, Kapteni amejificha nyuma ya ukuta uliobomoka akiwasha na kuzima kitu kiunoni. Kihara akamfanya amgeukie Fundi na kumwuliza, polepole, "Wewe, siku ile tunaondoka, mimi nilifunga mlango wa nyumba?"

Nilimgeukia Apondi. Maneno yangu ya pale karaini yalikuwa yamefika Zohali.

Na hapo stima ikapotea.

Pazia likafa. Spika zikafa. Watu wakaguna, kama tunavyoguna siku zote, na Mwangangi akaanza kupapasa akienda kufungua mlango.

"Usifungue," Mama Wakiuru akasema.

Mwangangi akasimama. Hakuna aliyeinuka. Tulisikia stuli ya Kihara ikisogezwa, kisha ile sauti yake ndogo ya barabarani, bila maikrofoni, sauti ambayo hatukuwahi kuisikia ndani ya ukumbi ule.

"Fundi anamjibu, 'Uliufunga, Kapteni. Mimi nilikuona.' Hakumwona. Lakini anamjibu hivyo."

Tuliinama mbele ili tumsikie. Alituambia Kapteni aliiweka bunduki chini kwa sababu ilikuwa nzito. Alituambia walivyokipata kizimba, na Mama Maharagwe alivyoushika uso wa Kapteni kwa mikono miwili kwanza, maana miaka ilikuwa imembadilisha, kisha akaliongeza jina lake kwenye yale mengine. Alituambia Fundi alilazimika kutoka nje mara ya mwisho, na safari hii hakucheka. Alitoka hadi kwenye barafu, akaweka kiganja chake juu ya kipande kimoja kikubwa kama kanisa.

"Inalia kidogo," Kihara akasema. "Lazima anyamaze ndio aisikie."

Naye akanyamaza. Sisi pia tulinyamaza. Nje jua la alasiri lilikuwa kali, na ndani macho yalikuwa yameshazoea giza, ndipo mtu mmoja akainua kichwa. Mabati ya Mwangangi ni ya zamani, yamewahi kuezekwa mahali pengine, yamejaa matundu ya misumari. Kila tundu lilikuwa limewaka. Yalikuwa mengi, mia na mia, makubwa na madogo, na vumbi likizunguka taratibu katika miale yake. Watu waliinua nyuso safu baada ya safu. Nimelala chini ya nyota kule juu ambako hakuna moshi wala taa, nazijua. Sikuwahi kuziona zikiwa karibu hivyo.

"Mnaziona?" Kihara akauliza kutoka gizani.

"Tunaziona," tukasema.

Aliishia hapo. Sijui tulikaa hivyo muda gani. Stima iliporudi, taa ya projekta ikaanza kuwaka, na Mwangangi, ambaye nimewahi kumwona akilia kwa ajili ya mashine ile ilipoharibika, alikwenda akaizima kwa mkono wake.

Mwisho wa kweli wa filamu ile hatukuuona siku ile, na ingawa tuliuona Jumapili ya kwanza, hakuna aliyeukumbuka. Kuna waliokwenda kuutafuta kwenye simu. Walirudi wakisema ile ya kwenye simu imeharibiwa, watu wabaya wameikatakata. Apondi aliposikia hayo alicheka mpaka akashika ukuta, lakini hakumsahihisha mtu.

Nilimwuliza Kihara kama alijisikia fahari. Alitikisa kichwa.

"Niliogopa, Murugi. Nilikuwa naongea na sijui neno ifuatayo itatoka wapi. Halafu inatoka. Nilikuwa nasikiliza kama nyinyi."

Habari zilienea, na mtu mmoja wa Nyeri mjini akamwita ili arekodiwe. Kihara alikwenda. Walimweka ndani ya chumba kidogo chenye kuta za sponji, wakafunga mlango, wakamwambia aanze. Alisimama pale, mdomo wazi, na hakuna kilichotoka. Alirudi jioni hiyohiyo.

"Hakukuwa na mtu," alisema, akivua viatu.

Mwangangi alitaka kuirudia Zohali kila mwezi, Kihara akakataa, na haijaonyeshwa tena. Jumapili iliyofuata safari ile ya Nyeri alikuwa kwenye stuli yake akitutafsiria filamu ya ndondi, na bondia mmoja, mtu mkubwa mwenye pua iliyovunjika, kila alipopigwa alimkumbuka shemeji yake. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.